Surua Kwanza

Mimi ni mtoto wa Vidunda, na watu wa mlimani hatuna desturi ya kunong'ona. Nyumba ya jirani iko ng'ambo ya bonde. Ukitaka kuazima kinu unasimama ukingoni mwa shamba, unapaza sauti, na jibu linakufikia kabla hujageuka. Nilipopelekwa shule ya misheni walimu walihangaika sana kuipunguza sauti yangu, wakashindwa. Nilipomaliza mafunzo ya uuguzi na kupangiwa zahanati ya Mikumi, tabibu wetu alinilalamikia kwamba akina mama waliopanga foleni nje walikuwa wanaingia ndani wakiwa tayari wameshajua cha kufanya, kwa sababu wamenisikia nikimwelekeza aliyetangulia.

Nalieleza hili ili nisionekane shujaa kwa jambo lililofuata. Mtu mwenye sauti kama yangu hahitaji ujasiri ili asikike.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu wanahamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya mbali na kujengwa pamoja kwa mistari. Siku moja tukaletewa habari Mikumi kwamba mkubwa mmoja anakuja Kilosa kutoka wizarani, daktari anayeshughulikia chanjo za watoto, na anataka kusikia mawazo ya wauguzi na matabibu wa wilaya nzima. Tabibu wetu alikuwa na homa. Akanituma mimi.

Nikapanda treni kutoka Mikumi hadi Kilosa, nikafikia Magomeni, mtaa wa pale pale mjini Kilosa, kwa shangazi yangu aliyekuwa akikaanga maandazi na kuyauza barazani kwake. Jioni, tukiwa tunakanda unga wa kesho, akaniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamweleza.

"Basi kesho usiwe wa kwanza kusema," akaniambia.

"Kwa nini, shangazi?"

"Mkubwa akikuuliza unataka nini, ujue ameshachagua. Anataka umwambie kwamba alichokichagua ni kizuri."

"Sasa mimi nimetoka Mikumi kufanya nini?"

"Umekuja kunisalimia mimi," akasema, tukacheka mpaka unga ukamwagika.

Asubuhi tulikutana katika chumba cha mikutano cha ofisi ya wilaya. Walikuwepo matabibu wa zahanati, wauguzi wa hospitali pamoja na mkuu wao, mama mmoja mpole ambaye wote tulimwita Matroni, na katibu wa chama aliyekaa pembeni karibu na dirisha. Yule mkubwa alikuwa mwembamba, suti yake ya mikono mifupi imejikunja kwa safari. Hakutuhutubia. Alikaa mezani kama sisi, akaanza kueleza taratibu.

Chanjo tulizozizoea, alisema, ni ya ndui na ya kifua kikuu. Sasa zipo nyingine mpya. Kuna matone ya polio, yanayodondoshwa mdomoni. Kuna sindano moja inayokinga dondakoo, kifaduro na pepopunda kwa pamoja. Na kuna ya surua. Zote ni nzuri, zote zinahitaji baridi, na majokofu yetu ya mafuta ya taa ni madogo na hayaaminiki. Kuzipokea zote kwa mpigo ni kuziharibu zote. Tuanze na moja, tuizoee, halafu tuongeze.

"Mimi binafsi ningependa tuanze na matone," akasema. "Hayana sindano, hayana kuchemsha vyombo. Lakini nyie ndio mnaokaa na akina mama. Nataka kusikia."

Nikamkumbuka shangazi. Nikajiuma ulimi, nikasubiri.

Matroni akasimama. Akasema yeye anaunga mkono matone, na hasemi hivyo kumfurahisha mgeni. "Wauguzi wangu wanachemsha sindano asubuhi na jioni. Wengine wameungua mikono. Ukiniletea kinga isiyo na sindano, nitakushukuru." Lilikuwa neno la kweli, na wengi waliitikia kwa vichwa. Matabibu wawili wakasema hivyo hivyo. Nikaona kikao kinaelekea kufungwa.

"Surua kwanza," nikasema. Hata sikusimama, lakini sauti yangu ilitosha.

Mkubwa akanigeukia. "Endelea, ndugu muuguzi."

Sasa nikasimama. Nikamwambia kwamba mtu aliyelemazwa na polio tunamwona kila siku, anapita barabarani na mkongojo wake, na kila anayemwona anahuzunika, hata wakubwa. Mtoto wa surua hatumwoni. Tumeshamzika. Nikamwambia kuwa mimi nilikuwa na wadogo zangu wawili walionifuata, na wote walichukuliwa na surua katika kiangazi kimoja, kule mlimani, mama yangu akiwa amefunga mlango na kuziba dirisha kwa blanketi kwa sababu mwanga uliwaumiza macho. Nikamwambia kwamba Mikumi, surua ikiingia, hatuna vitanda. Watoto wanalala sakafuni, na wanaopona surua wanauawa na kuhara na kifua baada yake.

"Na siku hizi," nikaendelea, "ni mbaya zaidi. Zamani nyumba zilikuwa mbali mbali. Tangu watu wasogezwe pamoja, surua ikiingia nyumba moja inapita mstari mzima."

Katibu wa chama akakohoa. "Ndugu muuguzi, unasema vijiji vya ujamaa vimeleta surua?"

Niliyasikia macho ya Matroni mgongoni mwangu.

"Hapana, ndugu katibu. Surua ilikuwepo. Nasema vijiji vimewaweka watoto karibu, na sasa chanjo inaweza kuwafikia wote mahali pamoja. Zamani kuwapata watoto hao ningepanda vilima mwezi mzima. Leo tuna nafasi ambayo hatukuwa nayo. Tusiipoteze kwa kuanza na kingine."

Katibu akarudi kutazama dirishani. Mkubwa alikuwa anajizuia kutabasamu.

"Umesema vizuri," akasema. "Ila nina swali. Wazee wa huku tambarare wanaamini kwamba surua haichomwi sindano. Je, akina mama watakubali?"

"Watakubali."

"Umewauliza?"

"Wa Mikumi nawajua. Wa Vidunda ni mama zangu."

"Na wa Mvumi?"

Mvumi, kijiji cha ng'ambo ya mashamba ya mkonge, sikuwa nimewahi kufika. Nikanyamaza. Nadhani ndiyo mara ya kwanza watu wa Kilosa kunisikia nikinyamaza.

"Basi kesho twende tukawaulize," akasema. "Nina chanjo kidogo ya surua niliyokuja nayo kwa majaribio. Wewe utachanja."

Tukaondoka asubuhi kwa gari la wilaya, mimi, yeye na dereva, tukiwa na kasha la barafu na sufuria ya kuchemshia sindano. Masika yalikuwa yamepamba moto. Tulipita kando ya mashamba ya mkonge vizuri, lakini kabla ya Mvumi barabara ikageuka uji, na gari likazama hadi tumboni. Dereva akabaki nalo. Mkubwa akakunja suruali, akavua viatu, akashika mpini mmoja wa kasha, mimi nikashika wa pili huku sufuria ikiwa kichwani. Alikuwa anateleza kila mara na hakulalamika hata mara moja. Hapo nikaanza kumpenda.

Kijijini tulipokewa na balozi wa nyumba kumi, mzee mwenye baiskeli, akatuonyesha ghala la kijiji tufanyie kazi humo. Alikuwa ametangaza tangu jana, akasema, lakini mvua imenyesha na magugu hayasubiri. Kila mwenye mikono alikuwa shambani. Tukachemsha sindano, tukapanga vitu juu ya gunia safi, tukakaa. Kuku waliingia na kutoka. Mvua ikaanza tena.

Akatokea mama mmoja. Alikuwa kijana, amembeba mtoto mgongoni na kumfunika kwa khanga na jani la mgomba. Nyuma yake alikuja bibi mmoja, amejitanda vizuri, anatembea kwa haraka kama mtu anayetaka kumzuia mwenzake asivuke mto.

"Shikamoo bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo, bibi."

Adabu ilipokwisha, akafika kwenye shida yake. Huyu ni mke wa mwanawe, akasema. Mtoto wake wa kwanza alifariki kwa surua, na huyu wa pili ametoka naye nyumbani bila kuaga. "Mimi sina ugomvi na dawa, wanangu. Lakini surua haichomwi sindano. Surua inatakiwa itoke nje, iote mwilini, iishe. Ukiichoma inarudi ndani, na ikirudi ndani inaua. Hilo hata mama yangu alilijua."

Yule mama kijana alikuwa ameinamisha kichwa. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "yule wa kwanza hatukumchoma. Na alikufa."

Mimi nilikuwa na maneno mengi tayari kinywani, kuhusu vijidudu na damu, niliyofundishwa chuoni. Mkubwa akanitangulia. Akapandisha mkono wa shati lake, akasogea karibu na mlango penye mwanga, akaonyesha bega.

"Bibi, hili ni nini?"

Bibi akatazama lile kovu la duara. "Hilo ni la ndui."

"Nawe unalo?"

"Tunalo wote. Walituchanja zamani, nilikuwa mwari."

"Ulikuwa na ndui siku hiyo?"

"La! Nilikuwa mzima."

"Ndivyo ilivyo. Mtoto mwenye surua hatumchomi. Ni kama ulivyosema. Huyu hana surua. Tunamchanja akiwa mzima, ili ikija imkute amejiandaa."

Bibi akalishika bega lake mwenyewe juu ya khanga, akawa analipapasa taratibu. Kisha akamgeukia mkwewe. "Mpe huyo mtoto," akasema. "Mimi nitamshika. Wewe utalia."

Nikachukua kichupa kutoka kwenye barafu. Na hapo mkubwa akaniwekea mkono.

"Subiri kidogo, dada," akasema. Akanivuta pembeni, akashusha sauti. "Kichupa hicho ni cha watoto kumi. Ukishachanganya unga na maji yake, jioni hakifai tena. Tukikifungua kwa mmoja, tumetupa tisa. Tungoje wengine."

"Wakitokea wangapi ndiyo tufungue?"

"Hata watano, sita."

Nikatazama nje. Hakuna aliyekuwa anakuja. Nikamtazama bibi, amempakata mjukuu na kumfunua khanga begani, anasubiri. Nilijua kwamba tukimwambia akae, mvua ikipungua ataondoka, na akishaondoka hatarudi tena, wala hatamruhusu mkwewe arudi. Ningeweza kumweleza mkubwa hayo yote. Nikaona maneno yatachukua muda mrefu kuliko kazi.

Nikafungua kichupa. Nikachanganya, nikavuta dawa.

Mkubwa akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa amekasirika, shingo yake ilionyesha. Bibi akasema "Bismillahi," mtoto akalia, mama yake akalia kama ilivyotabiriwa, na kazi ikaisha.

Nilipoinua kichwa mkubwa hakuwepo ghalani. Nikachungulia nje. Alikuwa anazungumza na balozi, mikono inaenda huku na huku, mara akapanda nyuma ya baiskeli ya yule mzee, wakaondoka wakiyumba kwenye matope kuelekea mashambani, suti yake ikiwa imelowa mgongo mzima. Hakuaga.

Bibi aliuliza, "Bwana wako anakwenda wapi?"

"Si bwana wangu, bibi. Ni mkubwa wangu. Amekwenda kuwatafuta wale wengine tisa."

"Wengine wapi?"

Nikamweleza habari ya kichupa. Akasikiliza kwa makini, akanipa mtoto nimshike, akatoka barazani. Nilikuwa nimezoea kujiona mwenye sauti kubwa kuliko watu wote. Bibi yule alisimama chini ya upenu wa bati, akaita majina, moja baada ya jingine, akielekea kila upande wa kijiji, na nikasikia milango inafunguliwa. Walikuwa ni mabibi waliobaki nyumbani na wajukuu. Wakaja. Wakaanza kuulizana na kubishana pale mlangoni, na bibi akawa anawaonyesha bega lake na bega la kila aliyebisha.

Mkubwa aliporudi, nyuma yake walikuwa akina mama kutoka mashambani, majembe mabegani, miguu myeusi kwa udongo. Akalikuta ghala limejaa. Akasimama mlangoni akitiririka maji.

"Kimebaki?" akauliza.

"Kimekwisha zamani. Tupo kwenye cha pili."

Cha pili hakikuisha. Kilibaki kidogo, na jua liliposhuka nikakimwaga mbele yake. Alikitazama kama mtu anayemwagiwa uji wake mwenyewe, lakini hakunizuia.

Gari tulilikuta limekwisha kuvutwa na vijana. Tukiwa njiani kurudi Kilosa akaniuliza, "Leo umebahatika. Siku nyingine utafungua kwa mmoja na hatatokea mwingine. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na utaishiwa kabla ya mgao mwingine kufika."

"Hilo pia nalijua."

"Na bado utafungua?"

"Nitafungua, ndugu Daktari."

Akafuta miwani yake kwa kona ya shati, ambayo haikuwa na sehemu kavu. "Mimi nikiwa ofisini nahesabu watoto wa nchi nzima. Chanjo ni chache. Ukimwaga tisa hapa, nawaona wengine tisa mahali fulani wanaokosa. Usidhani naona chupa tu."

Sikuwa nimelifikiria hivyo. Gari likaruka shimo, nikalishika kasha la barafu.

"Basi wewe hesabu," nikamwambia, "mimi nifungue. Na ukiweza, tutafutie vichupa vidogo."

Akacheka. Akasema vichupa vidogo ndivyo ambavyo kila muuguzi anamwomba kila anapokwenda, na kwamba yeye pia anavitaka, ila vinakula nafasi kubwa zaidi kwenye barafu na gharama yake kwa mtoto ni ya juu. Akasema atajaribu, lakini haniahidi.

Baada ya miezi kadhaa tukapata uamuzi. Kilosa ianze na surua. Vichupa vilikuwa vile vile vikubwa. Agizo lilisema kichupa kifunguliwe hata akija mtoto mmoja, na Matroni, aliyeniambia wazi kuwa bado anayapenda matone yake, alikuja mwenyewe Mikumi kunisaidia siku za mwanzo. Alichanja haraka kuliko mimi.

Kuishiwa tuliishiwa kweli, kama nilivyoonywa. Siku moja walikuja akina mama kutoka mbali, wametembea tangu alfajiri, na nikalazimika kuwaambia hakuna. Mmoja alinisema maneno makali mbele ya watu wote, kwamba nimewapa wa barabarani na kuwanyima wa porini. Nilimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na haki. Wiki ile ile nikaenda kwa katibu kata na kumwomba chanjo iwe siku ya gulio, siku ambayo wote wanashuka na mizigo yao. Tangu hapo kichupa kikifunguliwa hakikupata hata muda wa kushika joto mkononi. Siku nyingine zote, akija mmoja, bado nilifungua.

Matone ya polio yalikuja baadaye, na Matroni akafurahi. Nilidhani akina mama watayapokea kwa shangwe kwa kuwa watoto hawalii. Wakayatilia shaka. "Hii bila sindano ni dawa kweli?" waliniuliza. Ikabidi niwaeleze upya kabisa, na safari hii nilieleza kwa sauti kubwa kwa makusudi, ili foleni yote isikie.

Kiangazi cha pili surua iliingia katika vijiji vya jirani, upande ambao chanjo haikuwa imefika. Tulisubiri. Zahanati yetu ilikuwa na chumba kimoja cha nyuma tulichokitenga kwa surua tu, madirisha yake yamezibwa kwa vitambaa vyeusi tangu kabla sijaajiriwa. Nilikifagia, nikatandika mikeka sakafuni. Wakaletwa watoto wachache, wote wageni waliopita barabarani na wazazi wao. Wa Mikumi hakuja hata mmoja. Mvua za vuli zilipoanza, tabibu akaniuliza kama tuendelee kukiweka chumba kile hivyo hivyo. Nikapanda juu ya kiti, nikavibandua vile vitambaa, vumbi likanijaa machoni. Tukaweka mzani humo, na Jumatatu iliyofuata tukaanza kupimia watoto uzito mle ndani, madirisha yakiwa wazi.